Tumbo likigoma kusaga: ninavyompikia mume wangu mwenye sukari

Maharage aliyokula saa saba mchana yalitoka saa nne usiku yakiwa na maganda yake. Mimi ni mama lishe, nauza chakula jirani na soko la Mbuyuni hapa Moshi, na makande yale nilikuwa nimeyapika kwa mkono wangu. Nilimulika beseni kwa tochi ya simu nikayatambua. Saa tisa nzima tumboni, na ungeweza kuyarudisha sufuriani.

Baba watoto alikuwa na sukari kwa miaka 17 wakati huo, mitano ya mwisho akichoma insulini. Kwa miezi alikuwa ananiambia anashiba kwa vijiko vinne, tumbo linajaa kama ngoma, anacheua chakula cha jana. Zahanati moja ilitupa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu mfululizo, na kila mara tulirudi nyumbani na matumaini na pakiti. Tulipofika hospitali ya KCMC akaingizwa mpira wenye kamera. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jioni ya jana yake, lakini tumboni wakakuta chakula kimekaa. Kidonda hakuna, na njia ya kutokea haijaziba. Chakula kilikuwa kimekaa tu.

Daktari alituchorea nyuma ya karatasi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaunguza mishipa ya fahamu, ileile inayofanya nyayo ziwake moto usiku. Mmoja wao, unaoitwa vagasi, unatoka kwenye ubongo na kushuka hadi tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuliamuru tumbo likamue. Ukiharibika, tumbo linalegea. Kitaalamu wanaita gastroparesisi. Kitu kilichoniingia mimi kama mpishi ni hiki: sehemu ya chini ya tumbo ni kinu. Inatwanga chakula kigumu mpaka kiwe vipande vya milimita moja au mbili, ndipo mlango unakiachia kiende kwenye utumbo. Vya majimaji vinapita kirahisi zaidi, havingoji kutwangwa.

Basi, nikajiambia, kama mchi wa ndani umelegea, mimi nina mwingine jikoni.

Ushauri unaogongana

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na sisi tulikwama miezi miwili. Kila mwenye sukari ameshaambiwa: kula dona, acha sembe, kula maharage, mboga za majani kwa wingi, matunda na maganda yake. Ushauri ule ni mzuri kwa tumbo linalosaga. Kwa tumbo lililolala, nyuzinyuzi ndiyo mzigo wenyewe. Zinakawia, zinajaza, na kwa wengine zinashikana zikawa bonge gumu ndani ya tumbo ambalo hutolewa kwa kamera, wakati mwingine hata kwa upasuaji. Mnafu ambao nilikuwa namrundikia kwa upendo ulikuwa unamtesa.

Mafuta nayo yanachelewesha tumbo hata la mtu mzima wa afya, sembuse hili. Kwa hiyo nilibadilisha swali. Zamani nilikuwa nauliza, "Hiki kinapandisha sukari?" Siku hizi nauliza matatu: kimelainika kiasi gani, kina mafuta kiasi gani, na ni kingi kiasi gani. La sukari linafuata, halijafutwa.

Kipimo changu cha ulaini ni uma. Chukua chakula kilichoiva, kikandamize kwa uma kwenye sahani. Kikipondeka chote kama kiazi kilichochemshwa, kinapita. Kikibaki na nyuzi, ganda au punje, kinarudi kwenye kinu, au hakiliwi. Mtaalamu wa lishe aliyetuhudumia alisema huko Sweden walijaribu chakula cha namna hii kwa wagonjwa wa sukari wenye tatizo hili na kutoa matokeo mwaka 2014. Kichefuchefu, kutapika, kushiba haraka na tumbo kujaa vilipungua. Maumivu ya tumbo hayakupungua kwa kiasi hicho, na kwa mzee wangu ndivyo ilivyokuwa.

Mtori, lakini si wa harusini

Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati, dawa tulikuwa nayo jikoni. Mtori ni chakula kilichokwisha kusagwa. Tatizo ni kwamba ni chakula cha mzazi, na siku ya kwanza nilipomwekea bakuli alilitazama, akanitazama. "Mama watoto, mimi nimejifungua nini?"

Alikula. Saa nne usiku hakukuwa na beseni.

Mtori wangu wa kwake ninaupika hivi. Nachukua robo kilo ya steki, isiyo na mafuta wala ngozi ngozi, na kipande cha mfupa kwa ajili ya ladha. Nachemsha na nusu kitunguu, tangawizi kidogo na chumvi, kwa saa moja na nusu, mpaka nyama ikiguswa inaachana. Natoa nyama na mfupa, supu naiacha ipoe, naiweka kwenye friji mpaka asubuhi. Mafuta yanaganda juu kama karatasi nyeupe, nayanyanyua yote. Kama huna friji, iache supu itulie sufuriani, kisha engua kwa upawa taratibu. Hutayamaliza, lakini mengi yatatoka. Usitie siagi, usitie malai. Najua mtori bila siagi unaonekana kama matusi kwa mama mkwe. Vumilia.

Ndizi natumia mshale mbichi, tano za wastani. Namenya ndani ya maji ili utomvu usinishike mikono, nachemsha kwenye ile supu pamoja na karoti moja iliyomenywa. Wakati zinaiva naitwanga nyama kwenye kinu. Hapa usiwe mvivu. Nyama ya mtori wa kawaida huachwa nyuzinyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazobaki tumboni. Twanga mpaka iwe kama unga wenye unyevu, ukisugua kati ya vidole usikute uzi. Ndizi zikiiva naziponda kwa mwiko, nachanganya na nyama, naongeza supu, halafu napitisha kwenye chujio la waya nikisukuma kwa kijiko. Blenda inafanya kazi hiyo kwa dakika mbili, umeme ukiwepo.

Uzito uwe wa uji, udondoke kwenye kijiko wenyewe. Na kipimo ni kikombe kimoja cha chai, siyo bakuli. Ndizi ni wanga, zinapandisha sukari kama wanga mwingine, kwa hiyo nyama iwe nyingi na ndizi kidogo kuliko ulivyozoea.

Vingine tunavyokula

Siwezi kumlisha mtu mtori siku saba. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu ninamchemsha na nyanya iliyomenywa ganda na kutolewa mbegu, namchambua miiba, namponda. Samaki ni laini kuliko nyama yoyote na sijawahi kuona akimkaa tumboni. Kuku ni kifua bila ngozi, kimetwangwa. Yai la kuchemsha lisilokauka sana. Yai la kukaanga kwenye mafuta, hapana. Viazi mviringo vilivyomenywa na kupondwa kwa maziwa. Malenge. Wali uliochemshwa maji mengi mpaka ukawa ubwabwa. Ugali ni wa sembe, mlaini, kipande cha ukubwa wa yai, na ulowe mchuzi. Ndiyo, nimesema sembe. Dona ninalipenda, lakini kwa sasa halimpendi yeye.

Mboga hatukuziacha kabisa. Mchicha nachambua majani peke yake, mabua natupa, nachemsha na kusaga. Kabichi, kisamvu, mnafu na sukuma wiki nimeviondoa. Makande, bisi, karanga nzima na nazi nimeviondoa. Parachichi limetuuma, maana tuna mti nyuma ya nyumba: ni laini, lakini lina mafuta mengi, basi anapata vijiko viwili vilivyopondwa siku ambayo tumbo limetulia. Papai bivu lililopondwa linapita. Embe lenye nyuzi na nyama ya chungwa havipiti, na asitafune muwa.

Maziwa ya mgando naengua utando wa juu. Yanamsaidia sana kwa sababu ni ya kunywa na yana protini. Mtu anayekula kidogo hivi anapungua mwili haraka, na mizani ndiyo itakayokuambia kabla ya suruali. Tunampima kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi pale duka la dawa.

Jambo dogo ambalo nusura nilisahau: meno. Mzee alikuwa amebakiwa na magego mawili upande mmoja. Mdomo ndio kinu cha kwanza, na kama hakisagi, kila kitu kinashuka kikiwa kizima. Nendeni kwa daktari wa meno.

Kidogo kidogo, na jioni iwe ya kunywa

Milo mitatu mikubwa imekufa nyumbani kwetu. Anakula mara tano au sita, kila mara kisahani cha kikombe. Saa moja asubuhi ni uji wa ulezi uliochujwa, na maziwa. Saa nne, mgando. Saa saba ndio mlo mzito kuliko yote, samaki au kuku na viazi. Saa kumi, papai au yai. Saa moja usiku ni supu au mtori mwepesi tu.

Nimepanga hivyo makusudi. Tumbo lake linaamka likiwa jepesi na kujaa kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo vigumu vinaingia mapema na jioni inabaki ya vya kunywa. Zamani tulikuwa tunakula saa tatu usiku, watoto wakisharudi, na alikuwa analala na sufuria nzima ndani. Sasa haendi kitandani kabla ya saa tatu kupita tangu mlo wa mwisho. Akimaliza kula anakaa wima, halafu anatembea polepole. Tunakaa Pasua; anakwenda mpaka relini na kurudi. Vijana wa bodaboda wamezoea, wanamwita "Mangi wa zamu".

Maji anakunywa kwa mafunda siku nzima, hajazi tumbo glasi mbili kabla ya chakula. Soda hapana, gesi inamvimbisha. Sigara aliacha.

Siku sukari ilipodanganya

Hili liwe kubwa kuliko mapishi yote. Jioni moja alichoma insulini yake kama alivyozoea, nusu saa kabla, akala ugali na samaki. Baada ya dakika arobaini hivi naona shati limelowa jasho, anaongea maneno hayaungani. Kipimo kikasoma 2.8 (mmol/L), iko chini mno. Mtoto wetu mkubwa akashangaa, "Lakini si ametoka kula?" Ametoka kula, ndiyo, chakula kimo tumboni, hakijashuka kwenye utumbo kikaingia kwenye damu. Insulini imewahi, chakula kimechelewa. Saa sita za usiku chakula kikafika, na kipimo kikasoma 17.

Ukiona sukari inashuka mara baada ya kula na kupanda saa nyingi baadaye bila sababu, usimgombeze mgonjwa kwamba anakula kwa siri. Mimi nilimgombeza, na nilikosea. Na sukari ikiwa juu inazidi kulipoza tumbo, kwa hiyo vinasukumana.

Tulichofanya ni daftari. Daftari la shule la kawaida, mistari sita: saa, alichokula na kiasi, sukari kabla ya kula, sukari baada ya saa mbili, baada ya saa nne, na saa aliyochoma. Tulijaza wiki mbili bila kuruka. Daktari alilisoma kwa dakika tatu tu, akabadilisha aina ya insulini na muda. Sasa ile ya chakula anaichoma baada ya kula, akishaona kwamba hajakitapika. Hiyo ni yake. Usiichukue kwangu ukambadilishia mtu wako. Peleka daftari lako.

Sukari ikishuka chini ya 4, usimpe biskuti wala ndizi. Hizo zitaingia foleni na chakula kingine. Mpe cha kunywa: vijiko vinne vya chai vya sukari, kama gramu 15, kwenye maji kidogo, au glukosi ya unga. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda. Akiwa amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Dawa

Kwa kifupi, maana si kazi yangu. Kuna vidonge vya kusukuma tumbo vinavyomezwa kama nusu saa kabla ya kula. Metoklopramidi ndiyo inayojulikana zaidi madukani, na watu wanainunua kama pipi. Ikitumiwa muda mrefu, hasa zaidi ya wiki 12, inaweza kuleta mchezo wa mdomo na ulimi usioweza kuuzuia, na wakati mwingine hauondoki. Inywe kwa maelekezo. Na beba dawa zote unazotumia umwonyeshe daktari, hata za maumivu: tramadoli, kodeini na jamaa zake zinalipoza tumbo, na baadhi ya sindano mpya za sukari za mara moja kwa wiki zinafanya hivyo pia.

Desemba

Kila mwenye asili ya huku anajua Desemba ilivyo. Ukoo mzima unapanda mlimani, kuna ndafu, kuna kitimoto, kuna mbege inazunguka kwenye kata, na asiyekula anaonekana amekasirika. Mwaka wa kwanza alikula kwa aibu ya watu na tukamaliza Krismasi hospitali kwa dripu. Mwaka uliofuata nilijipanga. Alikula nyumbani kwanza. Nikabeba thermosi ya mtori wake. Nikampigia shemeji mkubwa siku mbili kabla, nikamweleza kila kitu, ili atakayetuuliza mbele za watu ajibiwe na yeye, siyo na mimi. Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Neno la mke jikoni na neno la kaka mkubwa barazani si sawa, tupende tusipende.

Kata ilipofika kwake aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha mdomoni, akaipitisha. Pombe inalipoza tumbo na inaweza kumshusha sukari usiku akiwa amelala, kwa hiyo heshima inaishia midomoni. Nyama ya ndafu alipewa kipande, akanipa mimi nimshikie. Nilikishika mpaka kikaishia kwangu.

Siku mbaya

Zipo, hata ukifanya yote. Akiamka tumbo limejaa, siku hiyo ni ya vya kunywa: supu iliyochujwa na kuenguliwa, uji mwepesi, mgando, funda kila dakika chache. Anapima sukari kila saa tatu. Insulini haachi kwa sababu tu hajala. Tunapiga simu kliniki na kuuliza apunguze kiasi gani. Kesho yake tunarudi kwenye vyakula laini, kesho kutwa kwenye chakula chake cha kawaida.

Lakini kama anatapika kila kitu hata maji, kama matapishi yana damu au rangi ya kahawa iliyosagwa, kama tumbo linauma kwa nguvu, kama sukari imekaa juu na anahema haraka, au kama amezubaa, hatungoji asubuhi. Begi liko tayari nyuma ya mlango: daftari, kipimo na vijiti vyake, dawa zote kwenye mfuko mmoja, kadi ya bima, na pakiti mbili za glukosi. Thermosi ninaijaza wakati bodaboda inakuja.